Ualimu wa Kando ya Kitanda

Mtu akiugua Busia, kabla ya kuchagua hospitali huchagua serikali. Mji una jina moja pande zote mbili, watu wake wanaoana na kuzikana, lakini kwa miaka mingi bei ya kumwona daktari ilibadilika ukishavuka mpaka wa Kenya na Uganda. Uganda ilifuta ada katika vituo vya afya vya serikali Machi 2001. Kenya ilizipunguza mwaka 2004, mgonjwa akawa anatoa shilingi 10 kwenye zahanati na 20 kwenye kituo cha afya, na hata hizo zikaondolewa Juni 2013 pamoja na malipo ya kujifungua katika hospitali za umma. Kwa miaka 12 hivi, hatua mia chache zilitosha kumtoa mama mwenye mtoto wa homa kwenye huduma ya kulipia na kumfikisha kwenye huduma ya bure.

Bure ina maswali yake, hata hivyo. Aliyeketi nyuma ya meza ni nani? Nani alimfundisha? Kabatini mna nini? Kituo kinaweza kufungua mlango saa mbili asubuhi, kisidai hata senti, na mgonjwa bado akatoka na karatasi ya kwenda kununulia dawa dukani.

Ukanda huu, kuanzia Eldoret kushuka Busia na Bunyala, kisha ng'ambo Tororo na Nagongera, umekuwa mahali pa kuyajibu maswali hayo kwa vitendo. Waliojaribu walikuwa madaktari wastaafu, wauguzi, watafiti, wanafunzi wa udaktari na vijana wa pikipiki ambao hawakuwahi kukanyaga chuo cha tiba. Walichokipata hakikulingana na matarajio yao kila mara.

*

Mwaka 1988 madaktari 4 wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walikuwa wakitafuta chuo kichanga cha kushirikiana nacho: Joe Mamlin, Robert Einterz, Charles Kelley na David Van Reken. Wakati huohuo Haroun Mengech, bingwa wa magonjwa ya akili, alikuwa akiunda kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Moi mjini Eldoret. Wakaelewana. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1990.

Sharti moja la makubaliano hayo lilikuwa zito kuliko fedha yoyote: wakati wote awepo Eldoret daktari mmoja wa Indiana anayeishi hapo na kufanya kazi wodini. Afrika Mashariki imewazoea wageni wa wiki mbili. Hushuka na masanduku ya dawa, hutibu foleni ndefu chini ya hema, hupiga picha na kuondoka. Mgonjwa wa shinikizo la damu aliyepewa vidonge vya mwezi mmoja hubaki na swali la mwezi wa pili. Sharti la Eldoret lilikusudiwa kulikwepa jambo hilo. Anayeishi mahali hulazimika kuiona ripoti ya maabara ikichelewa na dawa ikiisha, na hukutana tena na yule mgonjwa aliyedhani amemponya.

Mamlin alirejea Eldoret mwaka 2000 akiwa mstaafu, kwa kujitolea, pamoja na mkewe Sarah Ellen. Nyuma yake kulikuwa na miaka mingi katika Wishard, hospitali ya umma ya Indianapolis iliyohudumia maskini wa mji ule. Miaka ya 1960 wawili hao walikuwa Afghanistan na Peace Corps, shirika la wajitoleaji la Marekani, naye akifundisha udaktari Jalalabad. Sarah Ellen hakukaa nyumbani kusubiri: alijishughulisha na watoto waliolazwa au kutelekezwa katika hospitali ya rufaa ya Moi, na kituo cha watoto cha Sally Test ni sehemu ya matunda ya kazi hiyo.

Wodi alizozikuta Mamlin zilikuwa zimefurika wagonjwa wa ukimwi. Dawa za kupunguza makali zilikuwapo duniani tangu katikati ya miaka ya 1990, ila bei yake ilikuwa ya mataifa tajiri. Siku moja akamkuta kitandani kijana aliyebaki mifupa, na kijana huyo alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa chuo hichohicho. Kwa mwalimu wa tiba hilo ni jambo la kutikisa. Mgonjwa ambaye unatakiwa kuwaambia wanafunzi kwamba hana tiba ni mwenzao. Mamlin akazitafuta dawa hizo na fedha za kuzilipia, kijana akarudisha uzito, akasimama. Baadaye akaja kufanya kazi na mpango uliozaliwa kutokana na kisa chake.

Mpango huo ni AMPATH. Kliniki zake za kwanza mbili zilifunguliwa Novemba 2001, moja Eldoret katika hospitali ya rufaa ya Moi na nyingine Mosoriot, kituo cha afya cha mashambani. Mgonjwa hakulipia dawa. Kuanzia mwaka 2004 fedha za PEPFAR, mfuko wa serikali ya Marekani wa kupambana na ukimwi, ziliuwezesha kuenea magharibi mwa Kenya, Busia ikiwamo. Herufi A ya kwanza ya jina lake, inayosimamia neno “Academic”, yaani la kitaaluma, haikuwekwa kwa mapambo. Kliniki ilikuwa pia darasa na mahali pa utafiti, na anayetibiwa, anayefundishwa na anayehesabu matokeo walikutana chini ya paa moja.

Hata daftari lilikuwa somo. Mosoriot ilianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta mwaka 2001, wakati hospitali nyingi kubwa za Afrika Mashariki bado zilitafuta faili kwenye rafu. Ukimwi ni ugonjwa wa maisha. Bila kumbukumbu, daktari wa leo hajui daktari wa mwaka jana alimpa nini mgonjwa. Kutokana na kazi hiyo, Burke Mamlin, mwana wa Joe, na mwenzake Paul Biondich walianzisha mwaka 2004 OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa ambayo sasa inatumika katika nchi nyingi.

*

Kumfundisha daktari kando ya kitanda ni kazi ya polepole. Raundi huanza asubuhi. Mwanafunzi husimama miguuni pa kitanda na kueleza: umri, makazi, kilichomleta mgonjwa, kilianza lini, alichopewa kabla ya kufika. Mwalimu husikiliza, kisha huuliza lile ambalo halimo kwenye karatasi. Mgonjwa huyu anaishi na nani? Alitembea kutoka wapi? Alikula nini jana? Kwenye kliniki za AMPATH swali hilo la mwisho lilizaa mashamba. Ilionekana mapema kwamba mtu mwenye njaa hawezi kuvumilia dawa kali, na mradi ukaanza kulima na kugawa chakula kwa wagonjwa wapya. Kabla ya hapo kitabu cha famasia hakikuwa na sura ya mahindi na mboga.

Chuo cha Moi kilikuwa kimeyaandaa maswali hayo tangu mwanzo. Mtaala wake uliacha mtindo wa kukariri mihadhara kwa miaka kadhaa kabla ya kumgusa mgonjwa, ukajengwa juu ya visa halisi na juu ya mafunzo ya kijijini yanayojulikana kwa kifupi cha COBES. Tangu miaka ya mwanzo ya masomo, mwanafunzi hupelekwa kwenye jamii. Huko kwanza hahesabu wagonjwa. Anahesabu vyoo, anauliza maji yanatoka wapi na ni nani anayeyachota, anatazama kadi za chanjo, kisha anaandika ni ugonjwa gani unaoisumbua jamii ile na kwa sababu gani. Miaka inayofuata hurudi vijijini na kufanya kazi pamoja na tabibu na muuguzi wa kituo. Mtoto wa Nairobi aliyepata alama za juu anajifunza kwamba muuguzi mwenye cheti anajua mambo ambayo profesa hayajui: nani hufika kliniki siku ya soko na nani hafiki kabisa, ni mume gani lazima aelezwe kabla mkewe hajakubali kulazwa.

Wanafunzi wa Indiana walikuja Eldoret na kuzunguka wodi zilezile na wenzao wa Moi, na wa Moi wakaenda Indianapolis. Wenye mashine nyingi walijifunza kutumia masikio na vidole. Waliozoea kukosa mashine waliona kinachowezekana, wakarudi na ghadhabu ya aina fulani. Kwa daktari mchanga, ghadhabu hiyo ina kazi.

*

Bunyala iko pembe ya kusini ya Kaunti ya Busia, pale Mto Nzoia unapoingia Ziwa Victoria. Budalang'i hujulikana kote Kenya kwa mafuriko, Port Victoria kwa samaki. AMPATH ilifika huko na kliniki, lakini kliniki haikutosha kwa wajawazito. Wengi walikuja mara moja au mbili, wakajifungulia nyumbani.

Mwaka 2012 daktari wa watoto Julia Songok na mwenzake Astrid Christoffersen-Deb walianzisha vikundi vya wajawazito kwa mtindo ambao kila mwanamke wa Kenya anaufahamu, yaani chama. Wanawake walikutana, wakaweka akiba, wakakopeshana, na kabla ya kuhesabu pesa walisoma somo la afya likiongozwa na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwalinganisha wanachama na wanawake wenzao wasio kwenye vikundi. Asilimia 84 ya wanachama walijifungulia kituoni, dhidi ya asilimia 50 ya wenzao. Tofauti ya kunyonyesha maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza nayo ilikuwa kubwa.

Katika vikundi hivyo daktari hakuongoza somo hata moja. Alimfundisha anayefundisha, akakaa pembeni. Baadhi ya madaktari hupata taabu na hatua hiyo, kwa kuwa fahari ya taaluma imejengwa juu ya kuwa mtu wa mwisho kuulizwa.

*

Ng'ambo ya mpaka, Tororo, fahari hiyo ilijaribiwa kwa ukali zaidi. Mwaka 2001 Andrew Natsios, mkuu wa USAID, shirika la misaada la Marekani, alikuwa ametetea hadharani hoja kwamba dawa za ukimwi hazingefaa Afrika vijijini kwa sababu watu wa huko hawana saa wala mazoea ya kufuata saa. Hoja ilipingwa kwa maneno mengi. Tororo iliipinga kwa hesabu ya vidonge.

Mwaka 2003 kituo cha CDC, shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, nchini Uganda kilianza kupeleka dawa majumbani katika wilaya za Tororo na Busia. Waliozipeleka hawakuwa madaktari wala wauguzi. Walikuwa vijana waliopewa mafunzo, pikipiki na orodha ya maswali. Kila wiki kijana alisimamisha pikipiki uani, akasalimia na kukaa, kisha akaanza: una homa? kikohozi? umetapika? macho yamegeuka manjano? Akahesabu vidonge vilivyobaki na kuacha vya wiki inayofuata. Jibu likiwa la kutia shaka, alitoa taarifa kwa daktari au kumfikisha mgonjwa kliniki. Mgonjwa naye alikuwa na mtu wake wa karibu wa kumkumbusha dawa. Pamoja na dawa vilikuja vyandarua, chombo cha maji chenye mdomo mwembamba na klorini ya kuyatibu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet. Kati ya watu wazima 987 walioanza dawa, waliokosa dozi kwa kiwango cha kutia wasiwasi walikuwa wachache mno. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 96 ya waliopimwa walikuwa na virusi vichache damuni. Hiyo ni rekodi ambayo kliniki nyingi za Ulaya na Marekani wakati huo zingejivunia. Utafiti wa mwaka 2008 kutoka mpango huohuo ulionyesha jambo jingine: watoto wanaoachwa yatima walipungua kwa asilimia 93. Mwaka 2009 majaribio makubwa ya Jinja, Uganda, yaliwalinganisha wagonjwa wanaopelekewa dawa nyumbani na wale wanaofuatiliwa hospitali. Matokeo yalikuwa sawa.

Kwa mwalimu wa tiba, somo la Tororo lilikuwa la kukata sehemu ya kazi yake na kuikabidhi. Daktari wa nchi yenye madaktari wachache akitumia asubuhi yake kuhesabu vidonge, yule mgonjwa mmoja kati ya 50 ambaye kweli anamhitaji hubaki kwenye benchi hadi jioni.

*

Halafu kuna homa. Kituo cha afya cha Nagongera, magharibi mwa mji wa Tororo, kilikuwa katika moja ya sehemu zenye malaria kali kuliko zote zilizowahi kupimwa. Watafiti wa Kiganda na wa California, wakiongozwa na Moses Kamya wa Makerere na Grant Dorsey wa chuo cha San Francisco, walikadiria mwanzoni mwa muongo wa 2010 kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea mara 310 kwa mwaka. Familia zilizojiunga na utafiti zilitibiwa bure kwa ugonjwa wowote, kliniki ikawa wazi kila siku, na nauli ikarudishwa.

Katika mahali kama hapo, kila homa iliitwa malaria, na tabibu aliyefanya hivyo hakukosea mara nyingi. Kisha vyandarua vikagawanywa mwaka 2013, na unyunyiziaji wa dawa ukutani ukaanza mwishoni mwa 2014. Baada ya miaka michache kuumwa na mbu wenye vimelea kulishuka hadi chini ya mara moja kwa mwaka. Homa hazikuisha, ila zilibadilika sababu, na kilichokuwa uzoefu kikageuka kosa.

Hapo ndipo mwalimu anahitajika. Kipimo cha haraka cha malaria kinaonekana rahisi: tone la damu ya kidole, matone machache ya kimiminika, subira ya dakika 15 hadi 20, mstari mmoja au miwili. Ugumu uko kwenye kuamini mstari mmoja. Mama ameleta mtoto wa moto, amekaa foleni tangu asubuhi, na anataka dawa ya mseto. Tabibu mchanga aliyekosa ujasiri humpa ili aondoke ameridhika. Aliyefundishwa vizuri humvua mtoto shati na kutazama kifua kikipanda na kushuka kwa dakika nzima, saa mkononi. Pumzi 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi 5, ni dalili ya nimonia. Huchungulia masikio na koo. Huuliza kuhusu mkojo na kuhara. Tena kuna mtego wa upande wa pili: vipimo vingi husoma protini ya kimelea inayobaki damuni kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa hiyo mistari miwili inaweza kuwa habari ya mwezi uliopita.

Na somo likishazoeleka, mambo hugeuka tena. Baada ya dawa ya kunyunyizia kubadilishwa mwaka 2020, malaria ilirudi Tororo kwa kishindo. Mwanafunzi aliyefunzwa kutilia shaka kila homa alilazimika kukumbuka upya kwamba malaria ipo.

Kliniki hizo zimewatoa watafiti wa hapohapo. Majaribio ya Tororo ya dawa ya kuwakinga wajawazito dhidi ya malaria, yaliyohusisha wanawake 300, yalichapishwa katika New England Journal of Medicine mwaka 2016, na jina la kwanza kwenye orodha ya waandishi lilikuwa la daktari Mganda, Abel Kakuru. Yaliyofuata Busia, yenye wanawake 782, yalitoka mwaka 2019 na Richard Kajubi ndiye aliyetangulia. Jirani yao kimekua Chuo Kikuu cha Busitema, chenye makao katika wilaya ya Busia tangu 2007, ambacho kitivo chake cha afya kiko Mbale na huwapeleka wanafunzi wake katika vituo vya vijijini kama wenzao wa Moi.

*

Tororo ndiyo pia iliyotoa matokeo ambayo wapenzi wa mafunzo hawayataji sana. Mradi ulioitwa PRIME ulichukua vituo 20 vya serikali wilayani humo. Katika 10, wahudumu walifunzwa kutibu homa, kumpokea mgonjwa kwa staha na kusimamia kituo, wakasaidiwa pia kupata vipimo na dawa. Vingine 10 viliachwa kama vilivyo. Swali lilikuwa moja: je, watoto wa vijiji vinavyozunguka watakuwa na damu ya kutosha zaidi? Jibu, lililochapishwa mwaka 2016, lilikuwa hapana. Upungufu wa damu haukutofautiana.

Sababu si ngumu kuziona. Mtoto anayeumwa na mbu usiku kucha hataokolewa na adabu ya mapokezi. Wazazi wengi huanzia duka la dawa na hawafiki kituoni. Na tabibu aliyefundishwa vizuri bado ni mmoja mbele ya foleni ileile. Ukuta ulionyunyiziwa dawa uliifanyia damu ya watoto wa Nagongera kazi ambayo semina haikuiweza.

Kama mafunzo pekee hayatoshi, msomaji anarudishwa kwa Mamlin na swali la kujitolea: waliofunzwa watalipwa na nani? Mstaafu mwenye pensheni anaweza kufanya kazi bila mshahara, na wengi wameishi kwa sababu alifanya hivyo. Mwanafunzi wake hawezi. Machi 2024 madaktari wa Kenya waligoma, na mgomo ukaendelea kwa siku 56. Kiini chake kilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi: mkataba wa mwaka 2017 ulisema takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kulipa 70,000. Ni Desemba mwaka huo tu ndipo pande mbili zilipokubaliana kurudi kwenye mkataba. Mhudumu wa afya ya jamii, yule anayeongoza somo la chama Bunyala, amepangiwa shilingi 5,000 kwa mwezi tangu mpango mpya wa mwaka 2023, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Kabla ya hapo wengi wao hawakulipwa chochote, na kazi yao iliitwa moyo wa kujitolea.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, kisha ikaivunja USAID. Kliniki za ukimwi za pande zote mbili za mpaka zilikuwa zimejengwa kwa fedha hizo kwa miongo miwili. Dawa yenyewe, ambayo mwaka 2000 ilikuwa kizuizi kikubwa, sasa ni rahisi kuliko zamani. Kinachogharimu ni mishahara ya watu: tabibu, mshauri nasaha, mtunza kumbukumbu, kijana wa pikipiki. Kaunti ya Busia, yenye watu 893,681 kwa sensa ya 2019, na wilaya jirani za Uganda zinatakiwa kuandika majina hayo kwenye bajeti zao wenyewe, na kupata fedha za kuyalipa mwezi baada ya mwezi.